Huna rangi ya dukani? Chanzuru ina udongo, katani na magunzi ya kutosha somo la kuchora

"Kesho kila mtu aje na manila, rangi na gundi."

Kama umesoma shule ya msingi ya serikali hapa Bongo, sentensi hiyo unaijua vizuri. Mimi niliisikia nikiwa darasa la tano, siku ya Alhamisi. Nyumbani jioni ile ilikuwa ama manila ama sukari, na mama alichagua sukari. Ijumaa tukakaa nje kama kumi hivi, tukiwachungulia wenzetu dirishani wakipaka rangi.

Tulikuwa tumekaa juu ya udongo mwekundu, ule usiotoka kwenye shati jeupe hata ufue mara ngapi. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, ndipo nikajua kwamba siku ile nilikuwa nimekalia rangi.

Habari hii ni ya mwalimu ambaye Ijumaa ijayo ana kipindi cha kuchora na kabati lake ni tupu. Tumeichukua Chanzuru, kata ya Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, kama mfano, kwa sababu vitu vingi vinavyohitajika huko viko hatua chache kutoka mlango wa darasa.

Kwa nini sasa

Mtaala mpya wa elimu ulianza kutumika Januari 2024, ukianza na Awali, Darasa la Kwanza na Darasa la Tatu. Kuanzia la Tatu kuna somo linaitwa Sanaa na Michezo. Lipo kwenye ratiba, yaani si jambo la kufanya ukibaki na muda.

Michezo ina nafuu yake. Mpira wa makaratasi na kamba unatengenezwa kwa dakika kumi na watoto wenyewe. Kwenye kuchora mambo hukwama. Pakiti moja ya rangi za maji haitoshi darasa la watoto sitini au zaidi, na mwalimu akiagiza kila mtoto aje na yake, anarudi kwenye ile Ijumaa yangu: wenye nacho ndani, wasio nacho dirishani.

Njia mojawapo ya kutoka hapo ni kuchora kwa vifaa mchanganyiko. Maana yake ni picha isiyotegemea rangi peke yake. Unapaka, unabandika karatasi, kamba, kitambaa, maganda, mchanga, halafu unapaka tena juu.

Na si sanaa ya kimaskini. Mwaka 1912 Pablo Picasso alibandika kwenye picha yake kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta chenye mchoro wa kiti cha kusuka, akaizungushia kamba badala ya fremu. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefundisha miaka mingi Nsukka nchini Nigeria, anaunganisha vizibo vya chupa kwa waya mpaka vinakuwa kama mapazia makubwa. Makumbusho makubwa ya dunia yanavitundika ukutani.

Hapa kwetu tuna Edward Saidi Tingatinga. Kabla ya kuchora aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua mbao laini za dari na rangi ya baiskeli. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima wa uchoraji. Ile rangi ing'aayo ya Tingatinga unayoiona kwenye maduka ya watalii ilianza kama rangi iliyopatikana.

Rangi ni vitu viwili tu

Hapa ndipo wengi hukosea, mimi nikiwa wa kwanza. Nilipojaribu mara ya kwanza nilikoroga udongo na maji, nikapaka kwenye boksi, nikafurahi. Kesho yake picha ilikuwa sakafuni, vumbi tupu.

Rangi yoyote, hata ya bei mbaya, ina vitu viwili: chembe za rangi, na kitu cha kuzishikisha. Maji yanasaidia tu kupaka, kisha yanakauka na kuondoka. Kama hukuweka cha kushikisha, chembe nazo zinaondoka.

Tuanze na chembe. Chota udongo kwenye ndoo, jaza maji, koroga kwa nguvu, kisha subiri kama dakika moja. Mchanga na mawe yanazama haraka. Chembe laini zenye rangi zinabaki zinaelea. Mimina hayo maji ya rangi kwenye chombo kingine ukipitisha kwenye kitambaa, uache usiku kucha. Asubuhi utakuta maji meupe juu na tope laini kama siagi chini. Mwaga maji. Hilo tope ndilo rangi yako.

Rangi ya udongo mwekundu inatokana na chuma kilichopata kutu, na kutu haipauki juani. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, mingi ni ya wekundu huu huu. Maseremala wa zamani waliujua. Ndio ngeu waliyotumia kupigia mstari kwenye mbao.

Udongo wa njano una chuma pia. Ukaange kwenye kipande cha bati juu ya jiko mpaka ukauke kabisa na kupata moto mkali, utaona unageuka mwekundu mbele ya macho yako. Ni jambo lile lile linalotokea kwenye tanuri la matofali. Kwa hiyo tofali la kuchoma lililovunjika nalo ni rangi ya chungwa tayari. Lisage likiwa limelowa, maana vumbi lake si zuri kifuani.

Kilosa ina bahati ya kuwa na udongo wa aina mbalimbali kwa umbali mfupi. Kwenye vilima ni mwekundu, na ukishuka kuelekea tambarare ya Mkata unakutana na udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunasa gari masika. Mpe kila mtoto kazi ya kuleta kiganja kimoja cha udongo wa nyumbani kwao. Siku ya pili utakuwa na mistari ya rangi kumi ambayo hakuna duka linaloiuza.

Nyeusi kali ni mkaa. Usage ndani ya maji, usiusage mkavu. Nyeupe ni ngumu kidogo: pemba, ule udongo unaouzwa sokoni na kutafunwa na kina mama wajawazito, unatoa weupe hafifu. Chokaa ya kupakia nyumba ni nyeupe kweli lakini inaunguza ngozi na macho, iache.

Bluu haimo kabisa kwenye udongo wa kawaida. Hapo kubali yaishe, nunua bluu ya kufulia dukani kwa Mangi. Kidogo tu kinakolea ndoo nzima.

Manjano, choya na ujanja wa magadi

Watoto wengi wataleta majani na maua. Waache walete, ila uwaambie ukweli mapema. Kijani cha majani yaliyopondwa kinapendeza asubuhi, na baada ya siku chache za jua kinakuwa kahawia. Manjano ya jikoni nayo hupauka.

Lakini kuna burudani humo. Paka maji ya manjano kwenye karatasi, yaache yakauke, kisha chovya kijiti kwenye maji ya magadi au maji yaliyochujwa kwenye majivu, uchore juu yake. Mstari unatokea mwekundu. Ukipitisha ndimu, unarudi njano. Choya nayo inacheza mchezo huo: kwenye ndimu inakuwa nyekundu ya kung'aa, kwenye magadi inaelekea bluu na kijani chafu.

Hapo mwalimu wa sanaa ameshamsaidia mwalimu wa sayansi somo zima la asidi na besi, na gharama yake haifiki hata ya soda moja.

Gundi: hapa ndipo somo linapofia

Kiukweli rangi haijawahi kuwa tatizo kubwa. Tatizo ni gundi. Gundi ndogo ya dukani inaisha kwa watoto wanane, na bila gundi hakuna kubandika wala rangi ya udongo.

Jibu ni uji wa muhogo. Kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo kwa nusu kikombe cha maji. Koroga unga kwanza na maji ya baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo uweke motoni ukiendelea kukoroga. Utaona unaacha kuwa mweupe, unakuwa mzito na kung'aa. Epua. Ukipoa ni gundi ya kubandikia karatasi, kitambaa na nyuzi.

Kwa kushikisha rangi, changanya tope la udongo na uji huu nusu kwa nusu, kisha jaribu. Paka kidogo, kauka, sugua kwa kidole. Kidole kikitoka na vumbi, ongeza uji. Rangi ikipasuka kama ardhi ya mbuga, umepaka nene mno au uji umezidi.

Vitabu vingi vya sanaa vitakuambia utumie kiini cha yai. Ni kweli, kinashika vizuri ajabu, na wachoraji wa Ulaya walikitumia karne nyingi kabla ya rangi za mafuta. Ila mimi siwezi kumshauri mwalimu apasue mayai kumi mbele ya watoto ambao baadhi hawajanywa chai. Kijiko cha unga kinatosha.

Uji una udhaifu wake. Kesho yake unaanza kuchacha, kwa hiyo pika wa siku hiyo. Na picha ikilowa, inayeyuka. Kama shule inaweza kununua kitu kimoja tu, basi kiwe kopo dogo la rangi ya maji nyeupe ya ukutani. Hiyo ina gundi yake ndani, inakubali kuchanganywa na tope la udongo, na ikikauka haitoki kwa maji. Au muulize fundi rangi anayemalizia nyumba jirani. Mabaki ya chini ya ndoo, ambayo yeye anayaona uchafu, ni vipindi vitatu vya darasa lako.

Katani na magunzi

Kilosa ni nchi ya mkonge. Mmea huu uliletwa Tanganyika na Wajerumani mwaka 1893, na mashamba ya Rudewa na Kimamba ni majina ambayo kila mtu wa upande huu anayajua. Kwenye jani la mkonge, nyuzi safi ni sehemu ndogo sana. Sehemu kubwa ya jani ni maji na makapi. Hata nyuzi zenyewe, zile fupi na zilizokatika hazina bei nzuri.

Kwa darasa la kuchora, nyuzi fupi ndizo bora. Zichovye kwenye rangi ya udongo, zianike, na una nywele, nyasi, mvua, paa la makuti, mkia wa ng'ombe. Fungia fungu dogo kwenye kijiti kwa uzi, kata ncha, ni brashi. Kipande cha gunia la katani kilichobandikwa juu ya boksi kinashika rangi vizuri kuliko karatasi yoyote. Kiroba cha plastiki hakifai, rangi inabanduka ikikauka.

Angalizo: tumia nyuzi zilizokauka tu. Utomvu wa jani bichi la mkonge unawasha ngozi vibaya, na ile ncha yake ni sindano. Mtoto asitumwe kukata mkonge. Wala asitumwe kuingia shambani mwa mtu. Mwalimu aombe mwenyewe.

Baada ya mavuno, magunzi na maganda ya mahindi yapo kila uwanja. Gunzi likiviringishwa kwenye rangi na kupitishwa kwenye karatasi linaacha alama za vidoto kama kitenge. Maganda makavu yakiloweshwa yanakatika kwa mkasi na kubandikika kama kitambaa. Ongeza manyoya ya kuku, vipande vya godoro kuukuu, vijiti vilivyopondwa ncha kwa jiwe kama mswaki. (Nasema kwa jiwe. Ukiwaambia watoto watafune, watabadilishana.)

Pa kuchorea ni maboksi ya dukani. Paka uji mwepesi pande zote mbili kabla ya kuchora, ukipaka upande mmoja boksi linajikunja kama chapati. Likishakauka nusu, libane chini ya matofali usiku mmoja. Karatasi za ndani za mfuko wa saruji nazo ni imara, ila toa ile ya kwanza inayogusa saruji na ukung'ute zilizobaki nje ya darasa, wewe mwenyewe, si watoto.

Vitu vya kutookota

Hapa naomba usome taratibu hata kama umekuwa ukipitisha tu kidole kwenye simu.

La kwanza ni mbegu. Kubandika mbegu ni jambo zuri: mtama, maharage, alizeti, punje za mahindi, kila moja na rangi yake. Lakini Chanzuru ni jirani wa Ilonga, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, na ni eneo la wakulima wanaonunua mbegu za kisasa. Mbegu za dukani zenye rangi ya waridi, kijani au bluu zimepakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu. Ile rangi imewekwa makusudi ili mtu asizile. Mtoto anayetafuta kitu cha kupendezesha picha atazikimbilia hizo kwanza. Zisiingie darasani kabisa, hata chache. Vivyo hivyo chupa na makopo ya viuatilifu, hata yakioshwa mara tatu, yasigeuzwe vikombe vya rangi.

La pili ni betri za redio na tochi. Kuna mazoea ya zamani ya kupasua betri na kutumia ule unga mweusi kupaka ubao. Ndani mna manganizi na kemikali nyingine ambazo hazipaswi kukaa kwenye mikono ya mtoto anayekwenda kula. Mkaa upo, mweusi ule ule.

La tatu ni rangi ya mafuta. Ndiyo, Tingatinga aliitumia, lakini alikuwa mtu mzima. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na risasi, na zinaoshwa kwa petroli au thina. Darasa lenye madirisha mawili na watoto sitini si mahali pake.

Nani analeta nini

Kukusanya bila utaratibu kunaweza kurudisha tatizo lile lile kwa mlango wa nyuma. Ukisema "leteni vitu vya kubandika", mtoto wa mwenye duka ataleta karatasi za kung'aa na mwenzake ataleta maganda, na darasa litacheka.

Kwa hiyo weka sharti moja: kisije kitu chochote kilichonunuliwa. Udongo, manyoya, magunzi, vitambaa vilivyochakaa, maboksi, vizibo. Vyote vinaingia kwenye sanduku la darasa na kuanzia hapo havina mwenyewe. Anayesahau hasimamishwi nje. Anachota kama wenzake.

Mikasi, bluu ya kufulia, unga na kopo la rangi nyeupe ni vya shule. Ni vichache, na vikigawanywa kwa vikundi vya watoto sita kwenye boksi moja kubwa, vinatosha. Vikundi vinapunguza pia zile kelele za "mwalimu, huyu kanichukulia gunzi".

Lazima niwe mkweli, kazi hii inamla mwalimu muda. Kuchuja udongo ni siku mbili. Kupika uji ni nusu saa na kuni. Kwa darasa moja inawezekana, kwa madarasa manne inahitaji walimu wawili na stoo isiyovuja. Ukusanyaji uufanye kiangazi, mara baada ya kuvuna. Kati ya Machi na Mei, masika ikishika Kilosa, tope la rangi halikauki na magunzi yanaota ukungu. Tope lililokaushwa mapema na kusagwa unga linakaa kwenye kopo mwaka mzima.

Kwa kipindi cha kwanza usianze na twiga wala Mlima Kilimanjaro, kila mtoto ameshawaona kwenye kanga na kalenda. Waambie wachore njia ya kutoka nyumbani hadi shule. Udongo wa njia hiyo wanao mkononi, nyasi za pembeni ni katani, matofali ya nyumba ya jirani ni unga wa tofali lenyewe.

Zikishamalizika, zianike ndani na mahali pa juu. Usiziegemeze ukutani nje ya darasa. Zimejaa uji wa muhogo na maganda ya mahindi, na mbuzi wa kijijini hajui tofauti ya picha na chakula cha mchana.